"Ni Uzee Tu": Magonjwa Yanayojificha Nyuma ya Demensia

Mzee ambaye hakuwahi kushika kalamu ukimwambia achore saa ya ukutani ili upime ubongo wake, umemwonea. Ndiyo maana watafiti waliofanya kazi katika vijiji vya wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, waliishia kutumia njiti za kiberiti. Mpimaji anapanga njiti nne kwa umbo fulani, na mzee anatakiwa apange za kwake vilevile. Anaulizwa daraja ni nini. Anapewa dakika moja ataje wanyama wengi awezavyo. Anasomewa maneno kumi, wanazungumza mengine, halafu anaulizwa: umekumbuka yapi? Kipimo hicho kinaitwa IDEA, na mtu asiyejua kusoma hapungukiwi kitu mbele yake.

Kilitokana na utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wa wazee wapatao 1,200 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea. Ilionekana kwamba kama 6 kati ya kila 100 walikuwa na demensia, hali ambayo mitaani tunaiita ugonjwa wa kusahau. Kubwa zaidi kwangu ni kilichofuata. Wagonjwa hao walipochunguzwa ili ijulikane kilichowasibu, karibu nusu walikuwa na ugonjwa wa Alzheimer, na wanne kati ya kila kumi walikuwa na ubongo ulioharibiwa na hitilafu za mishipa ya damu. Walionekana wana shida moja, kumbe magonjwa ni tofauti, na njia zake ni tofauti.

Kumbuka tulivyokuwa tukifanya na homa. Mtoto akichemka, ni malaria, anapewa dawa, basi. Siku hizi tunapima kwanza, kwa sababu tumejifunza kuwa homa ni dalili tu. Chanzo kinaweza kuwa taifodi, nimonia, mkojo au sikio. Demensia nayo ni hivyo. Ukiambiwa mama ana demensia, umeambiwa hali aliyonayo, hujaambiwa ugonjwa. Swali la "imesababishwa na nini?" bado liko palepale, na majibu mawili tuliyoyazoea, "ni uzee" na "kuna mkono wa mtu", yote mawili hulifunga kabla halijaulizwa.

Uzee wenyewe hupunguza kasi. Mtu wa miaka 75 huchelewa kukumbuka jina, husahau alipoweka miwani, halafu baadaye linamjia. Hilo si demensia. Demensia ni pale uwezo unaposhuka hadi maisha ya kila siku yanavurugika: anapotea njia ya msikitini aliyoipita miaka arobaini, anamlipa muuza maziwa mara mbili na kuapa kuwa hajamlipa, anasimama mbele ya jiko asijue kinachotangulia kati ya maji na unga. Si kumbukumbu peke yake. Lugha, maamuzi, tabia na uwezo wa kupanga mambo navyo vinaguswa, na kipi kinaguswa kwanza kinategemea ni sehemu gani ya ubongo iliyoanza kuumwa.

Lilianza lini?

Hilo ndilo swali la kwanza, na linaokoa maisha. Kama juzi babu alikuwa anasimulia vizuri na leo hamtambui mwanawe, anaweweseka, anasinzia mchana na kukesha usiku, hiyo si demensia hata kidogo. Madaktari huiita deliriamu, na ni dharura. Kwa mzee, maambukizi ya mkojo, nimonia, malaria, sukari kushuka, chumvi ya damu kupungua, hata mkojo kuziba kwa sababu ya tezi dume, vinaweza kuvuruga akili kabla homa haijaonekana. Akitibiwa chanzo, akili mara nyingi hurudi, ingawa huweza kuchukua siku au wiki. Mtu mwenye demensia hupatwa na deliriamu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo hata mgonjwa anayejulikana akibadilika ghafla, msiseme "ugonjwa wake umezidi". Mpelekeni.

Ikiwa hali imekuja taratibu kwa miezi au miaka, daktari makini hataanza na Alzheimer. Ataanza na yale yanayotibika, hata kama ni machache, kwa sababu kuyakosa ni dhambi.

Chukua kuanguka. Mzee ameteleza bafuni, akagonga kichwa kidogo, hakuzimia, akapakwa dawa ya maumivu, yakaisha. Wiki tatu nne baadaye anaanza kusinziasinzia, mguu mmoja unaburuta, majina ya wajukuu yanachanganyika. Hakuna anayekumbuka bafuni. Kilichotokea ni hiki: umri unapokwenda ubongo hunywea kidogo, na vimishipa vinavyouunganisha na utando ulio chini ya fuvu hubaki vimevutika. Mtikisiko mdogo hukikata kimoja, damu inavuja polepole, inavilia na kuukandamiza ubongo. Anayetumia aspirini au dawa nyingine za kuzuia damu isigande yuko hatarini zaidi. Picha ya CT huionyesha damu hiyo, na daktari wa upasuaji hutoboa tundu dogo kwenye fuvu akaitoa. Wapo waliorudi kuhesabu fedha zao wenyewe baada ya hapo.

Vitamini B12 ni nyingine. Tunaipata kwenye nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa, lakini tumbo la mzee huweza kushindwa kuifyonza hata akiila. Na kuna jambo ambalo wagonjwa wa kisukari hawaambiwi vya kutosha: metifomini, kidonge ambacho wengi wao humeza kila siku kwa miaka, hupunguza ufyonzwaji wa vitamini hiyo. Ganzi miguuni husingiziwa sukari, kusahau husingiziwa umri, kumbe vyote viwili vingeweza kuwa vinatoka mahali pamoja. Tiba ni sindano za bei nafuu. Zikichelewa sana, uharibifu wa neva haurudi nyuma wote.

Tezi ya shingoni, ile ambayo ikivimba huwa rovu, ikizembea kazi yake mtu hupoa mwili mzima: husikia baridi, hunenepa, sauti hukwaruza, choo hufunga, na akili nayo hwenda mwendo wa kinyonga. Kipimo kimoja cha damu hutosha kuitambua.

Halafu kuna maji ya ubongo. Ubongo una vyumba vyenye majimaji, na kwa baadhi ya wazee majimaji hayo hujaa kuliko kawaida. Salomón Hakim, daktari wa Kolombia, aliieleza hali hii mwaka 1965, na alama zake tatu ni rahisi kuzishika: mwendo unaharibika, miguu ikawa kama imegandishwa sakafuni, mkojo hauzuiliki, na akili inazembea. Mwendo ndio hutangulia mara nyingi. Mrija unaopitisha maji kutoka kichwani kwenda tumboni unaweza kuwasaidia baadhi yao.

Kaswende, kabla ya penisilini, ilijaza wodi za vichaa huko Ulaya. Bado ipo, na inaweza kuufikia ubongo miaka mingi baada ya kidonda kusahaulika. VVU navyo huingia kwenye ubongo mapema. Dawa za kufubaza zimeifanya demensia kali ya UKIMWI kuwa adimu, lakini watu wanaoishi na virusi sasa wanazeeka, na wengine hubaki na udhaifu mdogo wa kufikiri na kumbukumbu ambao haupaswi kupuuzwa. Kumpima bibi wa miaka 72 kaswende na VVU kunaleta aibu nyumbani, najua. Apimwe tu.

Pombe huharibu kwa njia mbili, yenyewe kwa sumu yake na kwa kumnyima mnywaji vitamini B1, maana anayeshinda kwenye gongo au chang'aa hali chakula. Upungufu mkali wa B1 huua sehemu za ndani za ubongo zinazohusika na kuhifadhi kumbukumbu mpya. Mgonjwa wa namna hiyo hujaza mapengo kwa visa ambavyo havikutokea, na anaviamini. Majirani humwita mwongo.

Pelagra, yaani upungufu wa niasini (vitamini B3), tungependa kuiita ugonjwa wa zamani, lakini mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji zaidi ya 18,000 waliokuwa Malawi waliugua baada ya karanga kukosekana kwenye mgao wao, wakabaki na mahindi. Mahindi yana niasini, ila mwili hauwezi kuichukua yote. Ngozi huwa nyeusi na kuchubuka shingoni na mikononi panapopigwa na jua, kuhara kunafuata, na mwisho akili inavurugika. Dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi huweza kuichochea kwa mtu mwenye lishe duni.

Na dawa. Hapa ndipo mimi hupandwa na hasira, kwa sababu huu ni uharibifu wa mikono yetu. Ubongo hutumia kemikali iitwayo asetilikolini kuhifadhi kumbukumbu, na dawa nyingi zinazouzwa dukani bila maswali huizuia: piritoni ya mafua na mzio, amitriptilini ya usingizi na ganzi, baadhi ya dawa za kuzuia kukojoa mara kwa mara. Ongeza diazepamu ya kulala, ambayo huleta ukungu kwa njia nyingine. Kijana akimeza piritoni moja hulala, akaamka, yakaisha. Bibi anayemeza mbili kila usiku kwa miezi sita, kwa sababu "zinamsaidia kulala", huishi katika ukungu ambao watoto wake wanauita uzee. Wengine huandikiwa donepezili, dawa ya Alzheimer inayofanya asetilikolini idumu, huku wakiendelea kumeza ile inayoizuia.

Sonona nayo huvaa sura ya demensia. Mzee aliyefiwa na mwenza akaacha kula, kuongea na kujali, ukimuuliza lolote anajibu "sijui" bila hata kujaribu. Atibiwe sonona kwanza, halafu apimwe upya.

Nisije nikawauzia matumaini hewa. Mwaka 2003 daktari A. Mark Clarfield alikusanya tafiti nyingi na kukuta kwamba kama asilimia 9 ya wagonjwa walikuwa na chanzo ambacho kingeweza kutibika, lakini waliopata nafuu ya kweli hawakufika hata asilimia 1. Tafiti hizo zilitoka hasa katika nchi tajiri, ambako VVU na utapiamlo si mzigo kama kwetu, kwa hiyo hesabu haiwezi kuhamishwa hivihivi. Hata hivyo walio wengi wana moja ya magonjwa yanayofuata.

Alzheimer

Novemba 1901, mwanamke wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Frankfurt. Daktari Alois Alzheimer alimhoji na kuandika kila jibu. Jina lako nani? Auguste. Jina la ukoo? Auguste. Mumeo anaitwa nani? Auguste, nadhani. Alikuwa anakula koliflawa na nyama ya nguruwe; alipoulizwa anakula nini, alisema mchicha. Alifariki 1906, na Alzheimer akauchunguza ubongo wake kwa darubini. Aliona vitu viwili: mabonge madogo yaliyotapakaa nje ya seli, na nyuzi zilizojifunga vifundo ndani ya seli. Novemba mwaka huohuo aliwaeleza wenzake mkutanoni huko Tübingen. Hawakusisimka. Mwaka 1910 Emil Kraepelin, profesa wa magonjwa ya akili, akauingiza ugonjwa huo kwenye kitabu chake kwa jina la Alzheimer.

Sasa angalia umri: 51. Kwa sababu Auguste hakuwa mzee, kwa miongo mingi madaktari waliamini kwamba ugonjwa wa Alzheimer ni wa watu wa makamo, nadra sana, na kwamba mzee wa miaka 80 anayesahau amezeeka tu, au mishipa yake imekakamaa. "Ni uzee" haikuwa kauli ya bibi zetu peke yao. Profesa wa Ulaya naye aliisema. Mwaka 1968 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walionyesha kuwa ubongo wa wazee wenye demensia una mabonge yaleyale, na mwaka 1976 Robert Katzman, daktari wa Marekani, akaandika wazi kwamba ni ugonjwa mmoja na ni miongoni mwa wauaji wakubwa. Kumbe uliokuwa ukiitwa nadra ndio unaobeba asilimia 60 hadi 70 ya demensia yote duniani, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani.

Mabonge yale yametengenezwa na protini iitwayo amiloidi beta, kipande kinachokatwa kutoka protini kubwa zaidi iliyo kwenye ngozi ya seli. Kwa kawaida kipande hicho husafishwa. Kisiposafishwa hushikamana, kikarundikana. Vifundo vya ndani ni protini iitwayo tau, ambayo kazi yake halali ni kushikilia mirija midogo ambamo seli husafirisha mahitaji yake. Ikiharibika, mirija inavunjika na seli inakufa. Amiloidi huanza kujikusanya miaka kumi na tano, ishirini kabla ya dalili ya kwanza. Anayeanza kusahau akiwa na miaka 75, ugonjwa wake uliingia labda akiwa bado kazini. Vifundo vya tau huvamia mapema eneo la hipokampasi na jirani zake, ndani ya ubongo usawa wa masikio, ambako kumbukumbu mpya hutengenezwa. Ndiyo sababu mama anaweza kusimulia harusi yake ya 1965 pamoja na rangi ya khanga za shangazi, asikumbuke kwamba amekunywa chai nusu saa iliyopita, akaomba nyingine, na kulalamika kuwa nyumba hii ina njaa.

Kwa nini huyu na si yule? Familia chache, chini ya asilimia 1 ya wagonjwa, hurithi jeni yenye kasoro (APP, PSEN1 au PSEN2) inayoleta ugonjwa mapema. Huko Antioquia, Kolombia, kuna ukoo mkubwa ambao wabebaji wa kasoro hiyo huanza kuugua wakiwa na miaka arobaini na kitu. Wenye sindromu ya Down nao wako hatarini sana, kwa kuwa jeni ya APP imo kwenye kromosomu ya 21, na wao wanazo tatu badala ya mbili. Kwa wengine wote jeni inayotajwa zaidi ni APOE aina ya e4. Haileti ugonjwa kwa lazima, inaongeza uwezekano. Hapa Afrika ina la kusema: watafiti walipowalinganisha Wayoruba wa Ibadan, Nigeria, na Wamarekani weusi wa Indianapolis, waliona mwaka 2001 kwamba wagonjwa wapya wa Alzheimer kwa mwaka walikuwa asilimia 1.15 Ibadan na 2.52 Indianapolis, na e4 haikuwa na nguvu ileile kwa Wayoruba. Damu inakaribiana, maisha ni tofauti. Chakula, presha, sukari, mwendo wa miguu? Bado wanabishana. Mimi nasoma matokeo hayo kama onyo: tunavyozidi kuishi kama Indianapolis ndivyo tunavyoweza kuugua kama Indianapolis.

Mishipa

Demensia ya mishipa ya damu ndiyo ninayodhani tunaipuuza kuliko zote, kwa sababu chanzo chake kimekaa nasi mezani. Kiharusi kikubwa kila mtu hukiona: mdomo umepinda, mkono umelegea. Ambavyo havionekani ni viharusi vidogo, kila kimoja kikiua eneo dogo bila kupooza kiungo. Presha ya juu, ikiachwa miaka kumi au ishirini, hukaza na kunenepesha kuta za mishipa midogo inayolisha nyaya za ndani za ubongo, na nyaya hizo huanza kufa kwa kukosa damu. Sukari, mafuta ya damu na sigara husaidia kazi hiyo.

Mgonjwa wa aina hii hashuki kama wa Alzheimer. Mara nyingi anashuka kwa vipindi: yuko sawa miezi kadhaa, siku moja anaporomoka, anatulia tena hapo chini, kisha anaporomoka tena. Na mwanzoni kinachoharibika zaidi ni kasi na mpangilio. Kumbukumbu ipo, ila inachelewa, anaanza kazi tatu, hamalizi hata moja, hatua zinafupika, analia au kucheka bila sababu kubwa.

Mzee anayesema "presha yangu naisikia ikipanda, nikisikia ndipo nameza dawa" ndiye anayenitia wasiwasi. Presha haisikiki. Siku anazojisikia mzima ndizo mishipa yake inaendelea kuliwa. Hapa hatuna haja ya kusubiri uvumbuzi wowote: vidonge vya presha vipo, na ugonjwa huu unaweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Ifahamike pia kwamba katika umri wa miaka 80 magonjwa hayaji moja moja. Ubongo mwingi wa wazee uliochunguzwa baada ya kifo huwa na amiloidi, na mishipa iliyoharibika, na wakati mwingine kitu cha tatu. Ndiyo maana daktari muungwana atasema "nadhani ni Alzheimer pamoja na mishipa", na familia isimwone kuwa hajui kazi.

Anayeona watu wasiokuwepo

Mwaka 1912 Fritz Heinrich Lewy, aliyefanya kazi katika maabara ya Alzheimer huko Munich, aliona chembe za mviringo ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Leo tunajua kuwa zimejaa protini iitwayo alfa-sinukleini. Zikienea kwenye tabaka la juu la ubongo huleta demensia ya chembe za Lewy, na sura yake ni ya pekee. Mgonjwa anaona: watoto wawili wameketi kwenye kochi, paka amepita, mtu amesimama nyuma ya pazia. Anawaeleza kinaganaga, nguo zao na kimo chao, mara nyingi bila hofu. Asubuhi yuko timamu, jioni hajijui, kesho yake timamu tena. Mwendo umekuwa mzito kama wa Parkinson. Na ukimuuliza mkewe vizuri, atakwambia kwamba miaka kumi iliyopita mume alianza kurusha ngumi na mateke usingizini, akiigiza ndoto zake.

Sehemu hii ina hatari mbili. Ya kwanza iko hospitali. Mzee anayeona vitu huandikiwa haloperidoli, dawa ya magonjwa ya akili, upesi, na kwa mgonjwa wa Lewy dawa hiyo inaweza kumkakamaza mwili mzima, kumlaza kitandani, hata kumuua. Familia ikisema tu "anaona watu, na alikuwa anapigana na ndoto", inaweza kuwa imemwokoa.

Ya pili iko kijijini. Bibi anayezungumza na wasioonekana, anayetembea usiku, anayekutwa uani kwa jirani asijue alifikaje, kwetu ana jina jingine. Usukumani wanawake wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, macho mekundu ya moshi wa jikoni yakageuzwa ushahidi. Kilifi na Kisii, nchini Kenya, wazee wameuawa vilevile. Sisemi kwamba wote walikuwa na demensia. Nyuma ya tuhuma nyingi kuna shamba linalogombewa. Lakini mtu ambaye ubongo wake umeshindwa kutofautisha usiku na mchana hana hata uwezo wa kujitetea mbele ya kikao.

Aina ya nne ya demensia, iitwayo kwa Kiingereza frontotemporal, huanza mapema, mara nyingi kati ya miaka 45 na 65, na hushambulia sehemu ya mbele ya ubongo na ile ya pembeni. Arnold Pick aliieleza huko Prague mwaka 1892. Kumbukumbu hubaki nzuri kwa muda. Kinachokufa kwanza ni staha au maneno. Baba aliyekuwa mpole anatukana msibani, anagawa fedha kwa wapita njia, anashindilia vitu vitamu, hajali mkewe akiumwa. Mwingine hapotezi adabu ila anapoteza majina ya vitu. Mwigizaji Bruce Willis, ambaye familia yake ilitangaza mwaka 2023 kuwa ana ugonjwa huu, alianza na shida ya lugha. Kwa vile mgonjwa hajazeeka, ndoa huvunjika na kazi hupotea kabla mtu hajafikiria ubongo.

Prioni, protini zilizokunjika vibaya na kuzikunja nyingine, humwangusha mtu kwa miezi badala ya miaka. Anayeugua hivyo ni kama mtu mmoja kati ya milioni kila mwaka.

Kinachoongeza hatari

Tume ya jarida la Lancet ilihesabu mwaka 2024 mambo 14 ambayo, kama yangeondolewa yote, yangezuia au kuchelewesha karibu asilimia 45 ya demensia duniani. Presha, sukari, sigara, pombe, unene na kutofanya mazoezi wote tungevitaja. Lakini vyenye mchango mkubwa zaidi ni vingine: kutosikia vizuri na mafuta mabaya ya damu, kila kimoja asilimia 7, elimu ndogo utotoni na upweke uzeeni, 5 kila kimoja. Hewa chafu imo, majeraha ya kichwa yamo, na macho yasiyotibiwa yamo pia.

Kutosikia kunashangaza wengi. Ubongo usioletewa sauti hukosa kazi, na asiyesikia hujitenga barazani kwa sababu amechoka kusema "eeh" kwa asichokielewa. Na elimu ina maana ya pekee kwa kizazi cha bibi zetu, walionyimwa shule wakiwa wasichana. Ubongo uliopata mazoezi mapema huwa na akiba. Unaweza kubeba mabonge mengi kabla haujaonyesha dalili.

Dawa mpya, na safari ya kliniki

Lecanemab, dawa ya Alzheimer, iliidhinishwa Marekani mwaka 2023 na donanemab mwaka 2024. Zote huondoa amiloidi kwenye ubongo. Katika majaribio lecanemab ilipunguza kasi ya kushuka kwa asilimia 27 katika miezi 18. Haikumrudisha mtu alipokuwa, na baadhi walipata uvimbe au kuvuja damu kwenye ubongo, kwa hiyo mgonjwa anahitaji picha za MRI mara kwa mara, drip kwa miezi, na kabla ya yote uthibitisho kwamba amiloidi ipo. Kwa mwenye demensia ya mishipa au ya sehemu ya mbele hazina kazi. Anayewauzia mitishamba ya "kusafisha ubongo" bila kuuliza chanzo hana tofauti na anayeuza dawa ya malaria kwa kila homa.

Kwa hiyo safari ya kliniki iandaliwe. Bebeni mfuko mzima wa dawa, pamoja na za dukani na za mizizi. Mweleze daktari hali ilianza lini na imeshuka vipi, ameanguka lini, anakunywa nini, analala vipi, anaona vitu au la, masikio na macho yakoje. Ulizeni kuhusu vipimo vya damu, sukari, figo, chumvi, tezi ya shingoni, B12, VVU na kaswende, na picha ya CT ikiwezekana. Na aende naye mtu anayeishi naye nyumba moja, maana mgonjwa mwenyewe mara nyingi atamwambia daktari kuwa yuko salama, ni watoto tu wanaomsumbua. Hatakuwa anadanganya. Kutouona upungufu wake ni sehemu ya ugonjwa.